Vidonge Vilivyoongezewa Umri

Si zamani sana, wala si mbali, palikuwa na nchi ambayo wananchi wake waliiita Nchi Yetu na viongozi wake wakaiita Nchi Yangu. Sisi, kwa kuogopa kuudhi upande wowote, jina lake hatulitaji. Ilikuwa nchi yenye afya njema mno. Tunalijua hilo kwa sababu lilitangazwa redioni kila asubuhi, kabla tu ya matangazo ya vifo.

Afya hiyo ililindwa na Mamlaka Kuu ya Ulaji Salama na Umezaji Dawa kwa Staha. Mamlaka ilikuwa na jengo la ghorofa sita za wakurugenzi, na chini yake, kwenye chumba kilichokusudiwa jenereta, walikaa wakaguzi. Kwenye karatasi wakaguzi walikuwa kumi na wanane. Kwenye viti alikuwa mmoja, Bi Siwatu Mndeme.

Siwatu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alitembea na kipimajoto cha chuma kilichochongoka kama sindano ya kushonea magunia, na popote alipokuta nyama, wali au maziwa, alichoma, akasoma, akaandika. Wauza samaki walimwita Bi Nusa. Akionekana upande mmoja wa soko, samaki wa juzi waliondoka kwa miguu yao upande wa pili. Hata hivyo wauza samaki haohao, wakitaka kununua samaki wa kula nyumbani kwao, walimwomba awachagulie.

Jumatatu moja Siwatu alikwenda kukagua Ghala Kuu la Dawa. Mtunza ghala, Bwana Kibadeni, alikuwa mtu mpole aliyeamini kwamba hakuna kibaya duniani ilimradi kina stakabadhi. Akamtembeza. Nyuma kabisa, chini ya mabati yaliyowaka jua, kati ya mifuko ya mbolea na mapipa ya rangi, Siwatu akakuta maboksi elfu nne ya vidonge vya homa vya watoto, vile vya kuyeyusha kwenye kijiko. Akafungua boksi moja. Vidonge vilivyopaswa kuwa vyeupe vilikuwa vya manjano, vyenye madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akakiminya kimoja, kikasagika mkononi. Akanusa: mbolea. Akasoma tarehe. Muda wake ulikuwa umekwisha miaka miwili na nusu iliyopita.

"Bwana Kibadeni, dawa hizi zinafanya nini hapa?"

"Zinasubiri, Bi Siwatu."

"Zinasubiri nini?"

"Kugawiwa. Zahanati zote zimeziomba. Zilikuwa zawadi, unakumbuka? Mheshimiwa Waziri alizipokea bandarini kwa ngoma na matarumbeta. Aliagiza zisiguswe mpaka aje kuzigawa kwa mkono wake mwenyewe, ili wananchi waone."

"Na hajaja?"

"Mheshimiwa ana mambo mengi," alisema Bwana Kibadeni kwa upole. "Lakini stakabadhi ninayo."

Siwatu alibandika karatasi nyekundu kwenye mlango, akarudi chini ya ghorofa zake sita, akajaza fomu ya kuomba uteketezaji. Fomu hiyo ilihitaji sahihi saba za Kamati ya Kitaifa ya Uteketezaji, na kamati hiyo haikuwa imewahi kutimiza akidi kwa miaka minne, kwa kuwa wajumbe wake walikuwa safarini nchi za nje kujifunza namna ya kuteketeza.

Safari hii, kwa jinsi neno "zawadi" lilivyowashtua, walikutana wanne. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Bwana Adinani Kihwelu, akasimama. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuombea mvua.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nimeisoma ripoti ya mkaguzi wetu kwa machozi. Anasema dawa imekwisha muda. Nimeitazama dawa. Ipo. Kitu kilichokwisha huwa hakipo. Mimi nikiambiwa sukari imekwisha, nikienda jikoni siioni. Je, dawa hii tunaiona? Tunaiona! Basi kilichokwisha si dawa, kilichokwisha ni tarehe. Nasi ni taifa huru. Tangu lini taifa huru likatawaliwa na kalenda?"

Wajumbe wakapiga meza makofi. Siwatu akanyoosha mkono.

"Mkurugenzi, samahani. Vidonge vimebadilika rangi. Vimekaa kwenye joto miaka. Mtoto mwenye homa akipewa hivi, mama yake atarudi nyumbani akiamini ametibu. Hapo ndipo tutakapompoteza mtoto."

"Rangi!" alisema Mkurugenzi kwa huzuni. "Bi Siwatu, mpaka lini tutabaguana kwa rangi?"

Hoja ikapita. Siku ileile ikazaliwa Operesheni Huisha Tarehe. Vijana hamsini waliajiriwa, wakapewa mihuri, wakakaa ghalani wiki nzima wakigonga juu ya kila boksi maneno haya: SALAMA HADI ITAKAPOTANGAZWA VINGINEVYO. Ugawaji ukapangwa ufanyike siku tatu baada ya Sikukuu ya Taifa ya Chakula na Dawa Salama. Siwatu alipokataa kusimamia mihuri, Mkurugenzi hakumfukuza. Alimhamishia mahali alipodhani hawezi kuleta madhara, yaani jikoni, kukagua vyakula vya sikukuu hiyo.

Sikukuu ilifanyika uwanja wa michezo. Kauli mbiu yake ilikuwa "Kula kwa Amani", nayo ilichapwa kwenye fulana, kofia na vitenge, hata kwenye leso za kufutia mikono, ingawa maji ya kunawia mikono yalisahauliwa. Wanafunzi mia tatu wa shule ya msingi waliletwa saa moja asubuhi wamwimbie Waziri. Waliahidiwa pilau. Wengine walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana, kwa sababu mtu aliyeahidiwa pilau hali muhogo.

Mpishi mkuu alikuwa Bi Mwajabu, mama wa miaka sitini aliyekuwa amepikia harusi na misiba ya mji mzima. Kufikia saa tatu asubuhi sufuria zake kumi zilikuwa tayari: sita za jukwaa kuu, nne za watoto. Harufu ya bizari na karafuu ilifika mpaka barabarani.

"Pakua, mama," Siwatu alimwambia. "Hapa sasa ni chakula."

"Ningepakua, mwanangu. Yule pale ananizuia."

Yule pale alikuwa afisa itifaki, kijana mwenye suti na miwani ya jua. Alieleza kwamba kulingana na itifaki hakuna kinachoweza kuliwa kabla Mheshimiwa hajaonja, kama ambavyo hakuna kinachoweza kuzinduliwa kabla Mheshimiwa hajakata utepe. Akaonyesha utepe. Kweli, kila sufuria ilikuwa imefungwa utepe. Na kwa kuwa moshi ungemwudhi Mheshimiwa macho, akaamuru makaa yote yazimwe.

Mheshimiwa Ngwandu Ndelemo, Waziri wa Afya, Mlo na Furaha ya Jamii, alitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita. Saa sita jua likasimama utosini. Siwatu alipenyeza kipimajoto chini ya mfuniko wa sufuria ya kwanza ya watoto. Nyuzi hamsini. Saa saba, arobaini na tatu. Saa nane, thelathini na saba, joto la mwili wa mtu, joto wanalolipenda vijidudu kuliko lolote, kwani humo huzaliana kama wamealikwa. Inzi walikuwa wameshaanza sherehe yao bila kumsubiri mgeni rasmi.

Bi Mwajabu alifunua, akanusa, akafunika.

"Hili lilishakufa," alisema polepole. "Bado kuzikwa tu. Miaka thelathini na tano napika, sijapata kumlisha mtu kitu cha namna hii."

Siwatu alimwendea Mkurugenzi chini ya hema. "Mkurugenzi, chakula kimekaa saa tano bila moto. Hakifai tena. Naomba kimwagwe, cha watoto na cha jukwaa kuu."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu amtazamavyo mtoto aliyejikojolea msikitini. "Chakula cha Sikukuu ya Chakula Salama hakiwezi kuwa si salama, Bi Siwatu. Kingekuwa si salama, sikukuu ingeitwa jina jingine."

Saa tisa ving'ora vikalia. Mheshimiwa akafika, akapanda jukwaani, akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Adui wa kwanza wa chakula ni nani? Ni uchelewaji!" Akapigiwa makofi. "Chakula kilichopikwa kiliwe kingali moto! Nasema, na narudia, na nitaendelea kurudia…"

Na kweli aliendelea, saa nzima na dakika arobaini.

Nyuma ya jukwaa Siwatu alisimama mbele ya sufuria nne za watoto. Sita za jukwaa kuu zilikuwa zimeshahamishiwa hemani, na mlangoni walisimama askari wawili wenye bunduki. Aliwatazama watoto waliojipanga na sahani za bati, midomo imekauka kwa kuimba. Alijua akifanya lile alilokusudia watamchukia, nao watakuwa na haki. Alijua pia kwamba wakila wataugua, na vitanda vya wodi ya watoto ni ishirini tu.

Akakata utepe wa sufuria ya kwanza. Akashika mpini mmoja, lakini sufuria ilikuwa nzito, haikusogea. Mkono mwingine ukashika mpini wa pili. Alikuwa Bi Mwajabu.

"Twende, mwanangu. Kwenye shimo la takataka. Usitazame nyuma."

Walimwaga ya kwanza. Walimwaga ya pili. Kwenye ya tatu watoto wakaelewa kinachotokea, na kilio kilichopanda hapo hakijawahi kusikika uwanjani hapo hata siku timu ya taifa ilipofungwa tisa. Msichana mmoja mwenye pengo akamfuata Siwatu mpaka ukingoni mwa shimo, akamwambia, "Mchawi wewe," kisha akakaa chini akalia. Siwatu akamzunguka. Akarudi kuchukua ya nne.

Alikamatwa ya nne imeshamwagika, mpini ukiwa bado mkononi. Kosa lake liliandikwa: kumwaga chakula cha taifa hadharani, na kuingilia hotuba kwa sauti ya sufuria. Bi Mwajabu naye angekamatwa, ila jukwaa kuu lilikuwa halijapakuliwa. Watoto walirudi makwao kwa miguu wakiwa na njaa, hasira, na uzima wao. Wageni wa jukwaa kuu walikula, wakasifu, wakaongeza.

Kesho yake asubuhi redio ilitangaza kwamba nchi ina afya njema. Ilitangazwa na mwanagenzi wa studio, kwa kuwa mtangazaji mwenyewe alikuwa jukwaa kuu.

Wodi ya Hospitali Kuu ilijaa watu ambao hawakuwahi kuiona isipokuwa siku ya kuizindua. Mheshimiwa Ndelemo alilala kitanda cha kwanza, Mkurugenzi Kihwelu cha pili, na kuendelea mpaka cha kumi na tisa, wote wakipokezana zamu ya choo kimoja, kile ambacho Wizara ilikuwa imeahidi kukijengea wenzake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne Kamati ya Kitaifa ya Uteketezaji ilikuwa imekutana ikiwa imetimia, wajumbe wote saba, Mheshimiwa mwenyekiti na Mkurugenzi wakiwamo.

Homa ilimpanda Mheshimiwa. Muuguzi akaleta boksi la vidonge, moja ya yale yaliyotangulia kuletwa kutoka ghalani kwa ajili ya maonyesho ya sikukuu, maana hospitali haikuwa na mengine. Mheshimiwa, ambaye hata akiwa taabani hakuacha kusoma maandishi yaliyomhusu, akausoma mhuri kwa sauti: "Salama hadi itakapotangazwa vinginevyo." Macho yakamtoka.

"Natangaza vinginevyo!" alipiga kelele. "Natangaza! Ondoa kitu hicho! Nani katika nchi hii anajua kipi kizima na kipi kibovu?"

Daktari wa zamu, Nkini, alijikohoza. "Yupo mmoja, Mheshimiwa. Yuko mahabusu."

Siwatu aliletwa na askari mmoja. Usiku kucha alikuwa ameketi sakafuni akimsikia msichana yule mwenye pengo akimwita mchawi. Mheshimiwa akainua kichwa.

"Wewe ndiwe uliyemwaga pilau?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Na kwa nini hukumwaga langu?" Sauti yake ilikuwa imejaa uchungu wa kweli. "Watoto uliwahurumia, mimi ukaniacha nile. Huo si upendeleo?"

"Lako lilikuwa na walinzi, Mheshimiwa."

Kwenye kitanda cha pili Mkurugenzi alijigeuza akatazama ukutani.

Siwatu hakumwekea mgonjwa masharti. Mtu akiharisha ni mtu, awe waziri au mwizi wa kuku. Alinawa mikono kwa sabuni, akaomba maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akakoroga mpaka vikayeyuka.

"Hii inakwisha muda lini?" aliuliza Mheshimiwa, akilitazama jagi kwa hofu.

"Kesho saa kama hii. Itakayobaki nitaimwaga mwenyewe."

Neno "nitaimwaga" lilimpa Mheshimiwa faraja ambayo hotuba zake zote hazikuwahi kumpa mtu. Akanywa kikombe kidogo kidogo, akanywa cha pili. Kufikia mchana wodi nzima ilikuwa inakunywa, na Daktari Nkini alikuwa akitembea kitanda hadi kitanda, akiwatundikia maji waliozidiwa.

Baada ya kikombe cha tatu, Siwatu alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa fomu ileile ya kuteketeza maboksi elfu nne, imekunjika na kulowa jasho la mahabusu. "Mheshimiwa, zimebaki siku mbili vidonge vile vigawiwe kwa watoto. Hivyohivyo ulivyovikataa wewe."

Mheshimiwa aliitazama karatasi. Tumbo likamnguruma, na huenda dhamiri nayo, ni vigumu kutofautisha. Akatia sahihi. Karatasi ikapita kitanda hadi kitanda, ikakusanya sahihi sita nyingine kabla supu haijaletwa. Mkurugenzi Kihwelu alitia yake bila kugeuka kutoka ukutani.

Siwatu hakwenda nyumbani kuoga, wala hakupita kumsalimia mama yake. Alikuwa amefanya kazi serikalini miaka ishirini na mbili, alijua sahihi za wakubwa huchacha upesi kuliko maziwa. Alikwenda ghalani na lori la polisi na askari wake, ambaye hakuna aliyemwambia kama bado anamlinda mfungwa au anamsindikiza afisa. Wakapakia. Askari mwenyewe alikuwa na mapacha wa mwaka mmoja nyumbani, na alipoambiwa yaliyomo alibeba maboksi matatu matatu. Wakayapeleka kwenye tanuri kubwa la hospitali, na alasiri nzima na kutwa ya siku iliyofuata likanguruma. Siwatu alisimama pale mpaka boksi la mwisho, uso umemwiva kwa joto. Hapo ndipo alipolia kidogo, kisha akajifuta kwa leso iliyoandikwa Kula kwa Amani.

Siku ya tatu Mheshimiwa aliruhusiwa kutoka. Akasimama kwenye ngazi za hospitali mbele ya wanahabari, amepungua mwili lakini si sauti. Alieleza kwamba ugonjwa wake ulikuwa utafiti: alijitolea kuonja kwa niaba ya taifa. Akaulizwa kuhusu vidonge. Akakunja uso.

"Wataalamu wangu wa sheria wamenishauri," alisema, "kwamba sahihi halali ni ile inayotiwa na kiongozi akiwa wima, au angalau ameketi. Sahihi iliyotiwa kwa mlalo haina nguvu. Dawa za wananchi ni zawadi, na zirejeshwe ghalani ndani ya saa arobaini na nane!"

Amri ikapigwa chapa, ikafikishwa chumba cha jenereta. Siwatu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumrudisha mahabusu, akaisoma mara mbili. Angeweza kuandika barua ndefu ya kujieleza. Badala yake akachukua koleo, akaenda tanurini, akajaza magunia thelathini na moja, akayafikisha kwa Bwana Kibadeni.

"Bwana Kibadeni, nisikilize vizuri. Haya ni majivu."

"Bi Siwatu, mimi si mkemia," alijibu mtunza ghala kwa upole uleule. "Amri inasema dawa zirejeshwe. Umerejesha?"

"Nimerejesha majivu."

"Umerejesha." Akapima magunia kwenye mizani, akashangaa kidogo jinsi dawa ilivyokonda safarini, akaandika: Vidonge vya watoto, katika hali ya unga. Akakata stakabadhi, akampa nakala.

Mkurugenzi alipopelekewa taarifa alitia sahihi barua ya uhamisho akiwa wima. Siwatu akahamishiwa kituo cha mpakani kisicho na mpaka, na Bi Mwajabu akafuatana naye, wakafungua mgahawa mdogo ambao wauza samaki wa huko waliuogopa na kuupenda.

Unga ukagawiwa nchi nzima, kwa ngoma na matarumbeta, kila zahanati kiroba chake. Akina mama wakapanga foleni wamebeba watoto wenye homa. Wakapokea, wakafungua, wakatazama, wakafunga. Unga wakaenda kusugulia masufuria, kisha wakawabeba watoto mgongoni kuwatafutia tiba kwingine, hata kama kwingine kulikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyenyweshwa unga ule, maana jivu halina adabu ya kidonge kibovu: halijui kujifanya dawa, na hakuna mama asiyelitambua.